Protini-M inapokataa kueleweka: utatuzi wa matatizo ya elektroforesisi na vipimo vya jirani yake

Mayeloma, saratani ya damu ya seli za plazma (chembe zinazotengeneza kingamwili), huanzia kwenye uboho. Ukoo mmoja wa seli za plazma huzaana kupita kiasi na kumwaga kwenye damu kingamwili ya aina moja tu, au kipande chake. Hiyo ndiyo protini-M. Maabara ina njia nne za kuisaka: elektroforesisi ya seramu, inayozitenganisha protini kwa umeme na kuzichora kama vilele katika maeneo ya alfa, beta na gama; imunofiksesheni, inayotaja ni kingamwili ya aina gani (IgG, IgA, IgM na kadhalika) kwa kutumia antisera, yaani vitendanishi vinavyoshika kila aina; kipimo cha minyororo myepesi huru, vipande vidogo vya kingamwili vya aina mbili, kapa na lamda; na elektroforesisi ya mkojo. Kila njia ina mahali isipoona. Malalamiko mengi yanayorudi benchi yana asili moja: mtu ameiuliza njia moja swali ambalo jibu lake liko kwa nyingine.

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kipimo na wanaosaini majibu. Mgonjwa aliyeshika karatasi yake anaweza kuusoma pia, ila asijipe ugonjwa wala asiache dawa kwa sababu ya mstari mmoja kwenye picha.

Kabla ya kuilaumu mashine

Chukua tyubu uitazame. Ni seramu au plazma? Imebadilika rangi kuwa nyekundu? Ina mafuta? Kuna nyuzi au utando unaoelea? Kisha fungua rekodi ya mgonjwa: ana mchoro wa zamani? Anatumia dawa gani? Hatua hizi hazichukui muda na humaliza kesi nyingi kuliko kurudia kipimo.

Halafu tazama sampuli ya kudhibiti ubora ya siku hiyo. Kasoro ileile ikionekana na kwake, tatizo ni bafa, kitendanishi kilichochakaa au kapilari chafu, wala si mgonjwa. Na ukiona kilele kidogo cha ajabu kwa mtu ambaye sampuli yake ilifuata mara baada ya ile yenye protini-M nyingi, osha, kisha rudia. Huenda ni mabaki ya jirani.

Dalili: kilele kipo kwenye mchoro, imunofiksesheni haioni kitu

Mshukiwa wa kwanza ni fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na mara nyingi ndiye mwenyewe. Hukaa kati ya beta na gama, mahali hasa ambapo protini-M hupenda kukaa. Hutokea damu ikiwekwa kwenye tyubu yenye kizuia-mgando, ikizungushwa kabla haijaganda sawasawa, au mgonjwa akiwa kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Omba sampuli mpya, iache igande kabisa ndipo uizungushe. Kama sampuli mpya haipatikani, iongezee trombini kidogo, izungushe, uipime upya. Mstari ukitoweka, ulikuwa fibrinojeni.

Anayefuata ni damu iliyovunjika ndani ya tyubu. Hemoglobini ikishikana na haptoglobini hutoa kilele kati ya alfa-2 na beta. Rangi ya seramu itakuwa imekwisha kukuambia.

Transferini, protini inayobeba madini ya chuma, huinuka kwa mwenye upungufu wa madini ya chuma na kwa mjamzito, na kilele cha beta-1 huwa kirefu na chembamba hadi kumdanganya mtu. Angalia kipimo cha chuma kabla ya kuandika neno "monokloni", yaani ya ukoo mmoja. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe mkali wa maambukizi, protini ya CRP nayo inaweza kuchora mstari mdogo kwenye eneo la gama.

Wanaotumia mashine ya kapilari wana mtego wa ziada. Mashine hizo hutambua protini kwa jinsi zinavyofyonza mwanga wa urujuanimno, na si protini pekee zinazoufyonza. Dawa zenye iodini wanazochomwa wagonjwa kabla ya picha za CT, pamoja na baadhi ya antibiotiki, zinaweza kusimamisha kilele kisafi kabisa. Pima sampuli hiyohiyo kwenye jeli, kwa sababu rangi ya jeli hushika protini tu. Kama jeli haipo, uliza tarehe ya picha ya mwisho na urudie baada ya siku kadhaa.

Mara chache mstari huonekana mbali, nyuma kabisa ya gama, na hakuna antisera inayoukubali. Fikiria lisozaimu, kimeng'enya ambacho hupanda sana katika baadhi ya saratani za damu za chembe za monosaiti. Hapo usiendelee peke yako: omba slaidi ya damu itazamwe na umpigie daktari wa magonjwa ya damu.

Dalili: mchoro hauna kilele, lakini daktari ana shaka kubwa

Hili ndilo lenye madhara zaidi, kwa sababu jibu "hakuna protini-M" humrudisha nyumbani mgonjwa mwenye maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, kalsiamu ya juu au figo zinazodhoofika. Elektroforesisi ya seramu ikifanywa peke yake huwakosa karibu mmoja kati ya watano wenye mayeloma. Ukiongeza imunofiksesheni, wanaokoswa hushuka hadi karibu 7 katika kila 100. Ukiongeza na minyororo myepesi huru au mkojo, wanabaki wachache tu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ni vipimo vingapi vilivyofanywa kabla ya kuandika "hakuna"?

Anza kwa kuutazama mchoro tena, hasa pale pasipo na kilele. Eneo la gama likiwa limenywea, likalala karibu na msingi kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kukandamiza kinga, hiyo yenyewe ni habari. Kingamwili za kawaida zimepungua, na mara nyingi zimepungua kwa sababu kuna ukoo mmoja uliozisukuma pembeni. Mchoro wa namna hiyo haustahili kuandikiwa "kawaida". Uandikie maoni na upendekeze vipimo vingine.

Chanzo cha kawaida zaidi ni mayeloma ya minyororo myepesi, ambayo ni takriban asilimia 15 hadi 20 ya mayeloma zote. Seli hazitoi kingamwili nzima, hutoa kipande kidogo tu, na figo hukichuja kwa saa chache. Kwenye seramu hakikai cha kutosha kusimamisha kilele. Kipimo chake ni minyororo myepesi huru ya seramu, pamoja na imunofiksesheni ya seramu na mkojo.

Hapa ndipo kijiti cha kupimia mkojo kinapowapoteza wengi. Kijiti hugundua albumini. Minyororo myepesi hupita pembeni yake kimyakimya. Protini yote ya mkojo ikiwa juu kwa kipimo cha kemia na kijiti kikasema "kidogo" au "hakuna", tofauti hiyo ndiyo dalili. Kipimo cha kale cha joto, kile cha Henry Bence Jones wa London, watu walikitegemea hadi karne ya 20: mkojo unatoa mashapo kwenye nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi, kisha mashapo yanayeyuka ukikaribia kuchemka. Yeye alipokea mkojo wa mgonjwa mashuhuri mwaka 1845; ilipofika 1962 ndipo Gerald Edelman na Joseph Gally walipoonyesha kwamba protini ile ni minyororo myepesi ya kingamwili. Kinafaa kufundishia. Kutolea majibu, hapana: hukosa kiasi kidogo.

Chanzo cha pili ni IgA iliyojificha. IgA nyingi hukimbilia eneo la beta na kulala juu ya transferini au C3, protini nyingine ya eneo hilo. Tena molekuli zake hushikana mbilimbili au zaidi, kwa hiyo badala ya kilele chembamba unapata kilima kipana. Beta-2 ikiwa ndefu kuliko ilivyozoeleka, au bonde kati ya beta na gama likiwa limejaa, pima kiasi cha IgA na ufanye imunofiksesheni bila kusubiri kuombwa.

Cha tatu ni IgD. Ni nadra, hutoka kwa kiasi kidogo, na mara nyingi ni ya lamda. Kwenye imunofiksesheni ya kawaida yenye antisera za IgG, IgA, IgM, kapa na lamda, utaona lamda imesimama peke yake. Usikimbilie kuandika "minyororo myepesi huru". Weka kwanza antisera ya IgD na ya IgE. Kama maabara yako haina, peleka sampuli kwenye maabara ya rufaa na useme hivyo kwenye jibu.

Mwisho kabisa kuna mayeloma isiyotoa kitu, chini ya wagonjwa 3 katika 100, na hata kati yao wengi hukutwa na uwiano wa minyororo myepesi usio wa kawaida. Ikiwa vipimo vyote vimekuwa tupu na mwili wa mgonjwa bado unasema vingine, kazi ya maabara ya protini imeishia hapo. Kinachofuata ni uboho na picha za mifupa, na uamuzi huo ni wa daktari.

Simama, piga simu siku hiyohiyo: kalsiamu iko juu, kreatinini inapanda, au minyororo myepesi ya upande mmoja imezidi miligramu 500 kwa lita. Kiasi hicho kinaweza kuziba mirija ya figo, na figo zikishaharibika si rahisi kuzirudisha. Jibu la namna hii lisingoje foleni ya kuchapishwa.

Dalili: namba za minyororo myepesi huru hazipatani na kitu kingine chochote

Tazama figo kwanza. Kwa kipimo kinachotumika sana, uwiano wa kapa kwa lamda kwa mtu mwenye figo nzima ni 0.26 hadi 1.65. Figo zikidhoofika, minyororo yote miwili hurundikana, na kapa huzidi kidogo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kwa miaka mingi umetumika mpaka wa 0.37 hadi 3.1. Uwiano wa 2.4 kwa mtu anayesafishwa damu si mayeloma, ni figo. Kapa na lamda zikiwa juu zote mbili na uwiano uko katikati, fikiria uvimbe wa muda mrefu au maambukizi.

Sababu ya pili inatisha zaidi kwa kuwa namba yenyewe inaonekana njema: ziada ya antijeni. Minyororo ikiwa mingi kupita uwezo wa kitendanishi, mwanga unaosomwa na mashine hushuka badala ya kupanda, na mgonjwa mwenye maelfu hutoka na jibu la kawaida au la juu kidogo tu. Mashine mpya zina ulinzi, lakini ulinzi huo haukamati wote. Lamda ya 35 kwa mtu ambaye mkojo wake una mstari mnene isikupite. Zimua mara kumi, pima. Zimua mara mia, pima tena. Namba ikipaa kila unapozimua, umemkuta.

Kinyume chake nacho hutokea. Minyororo iliyoshikana huakisi mwanga zaidi na kutoa namba kubwa kuliko uhalisia, na kuzimua hakuleti mstari mnyoofu. Toa jibu la uzimuaji uleule kila mara kwa mgonjwa huyo, uuandike kwenye rekodi yake ili wa zamu nyingine aufuate.

Angalia pia kama mgonjwa alipimwa kwingine. Vitendanishi vya watengenezaji tofauti havitoi namba zinazolingana, na kulinganisha ya hapa na ya kule ni kujitafutia mgogoro. Hili lina uzito wake, maana tangu 2014 vigezo vya kimataifa vinakubali uwiano wa 100 au zaidi, mnyororo husika ukifika walau miligramu 100 kwa lita, kuwa sababu tosha ya kuiita mayeloma inayohitaji tiba, mradi uboho nao uthibitishe. Namba inayoweza kumwanzishia mtu matibabu ya saratani ya damu isitolewe kwa mzaha.

Dalili: kilele kinasema gramu 28, kipimo cha IgG kinasema 41

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kilele hupimwa kwa eneo lililo chini ya mchoro. IgG hupimwa kwa antisera na mwanga, ikahesabu na kingamwili za kawaida, na kwa protini-M nyingi huelekea kuzidisha. Namba hizi mbili si za kubadilishana.

Kinachoharibika kweli ni mipaka ya kilele. Fundi mmoja hushusha mistari wima hadi chini, mwingine hukata kilele kwa mstari wa mshazari na kuacha kilima cha chini. Wa kwanza atapata namba kubwa kila siku, hasa kilele kikiwa kidogo. Chagueni njia moja katika maabara. Kabla ya kuweka mipaka, fungua mchoro uliotangulia wa mgonjwa na uweke palepale. Daktari hutafuta ongezeko la asilimia 25 ambalo pia limefika walau gramu 5 kwa lita ndipo aseme ugonjwa umerudi kasi. Tofauti ya mikono miwili isije ikatengeneza ongezeko hilo.

IgA iliyolala ndani ya beta haipimiki vizuri kwa eneo. Mfuatilie mgonjwa huyo kwa kipimo cha IgA na uandike kwamba ndivyo mnavyofanya.

Dalili: mstari kwenye safu zote za imunofiksesheni, au mstari wenye kitovu cheupe

Kitovu cheupe ni ziada ya antijeni tena, safari hii kwenye jeli. Zimua seramu, rudia.

Mstari unaokata safu zote mahali pamoja ni protini iliyoganda yenyewe bila kungoja antisera: fibrinojeni, krayoglobulini (protini inayoganda kwa baridi), au IgM iliyoshikana. Ondoa fibrinojeni kwanza. Ikibaki, tibu seramu kwa kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa, kama beta-merkaptoethanoli, kisha upime upya.

Dalili: mgonjwa anaendelea vizuri na tiba, mara mstari mpya unatokea

Uliza dawa kabla ya kuuliza kitu kingine. Daratumumab, isatuximab na elotuzumab ni kingamwili za IgG kapa zilizotengenezwa kiwandani, na elektroforesisi haijui kama protini imetoka kwenye uboho au kwenye chupa ya dripu. Mstari wa daratumumab huwa mdogo, karibu gramu 1 kwa lita au chini yake, upande wa gama. Ukikuta IgG kapa ndogo kwa mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa IgA lamda, jibu unalo. Tatizo ni yule aliyekuwa na IgG kapa tangu mwanzo. Ugonjwa kuisha kabisa kwa vigezo kunataka imunofiksesheni iwe safi, kwa hiyo dawa inaweza kumnyima mgonjwa habari njema anayostahili. Kuna kitendanishi, Hydrashift, kinachoivuta daratumumab hadi eneo la alfa ili kilichobaki nyuma kionekane ni cha nani. Maabara kubwa hutumia spektrometa ya masi kutofautisha kwa uzito wa mnyororo. Vyote vikikosekana, linganisha mahali mstari ulipo na mchoro wa siku ya kugunduliwa ugonjwa: ukiwa pembeni, si uleule.

Baada ya upandikizaji wa seli shina, mistari midogo miwili mitatu ya aina tofauti ni ya kawaida. Kinga inaamka. Andika aina zake, taja kuwa hazifanani na protini-M ya awali, na usipendekeze kubadili tiba. Hilo si letu.

Dalili: mashine nyingine zinalalamika kuhusu mgonjwa huyohuyo

Wakati mwingine protini-M hujitangaza kwa kuharibu vipimo ambavyo havikuwa vyake. Protini yote ukitoa albumini ikibaki gramu 40 kwa lita au zaidi, fanya elektroforesisi hata kama haikuombwa, kwa utaratibu wa maabara yenu. Sodiamu ikiwa chini kwa mtu asiye na dalili, pima kwa mashine ya gesi za damu inayosoma moja kwa moja bila kuzimua. Fosfeti ya juu isiyo na maelezo inaweza kuwa uchafu wa protini iliyoganda kwenye kitendanishi. Kalsiamu yote ikiwa juu, pima na kalsiamu huru, kwani kuna protini-M zinazoishika kalsiamu bila kumdhuru mtu. Lakini mpaka uthibitishe, ihesabu kuwa ya hatari.

Protini-M ikionekana leo na kesho haipo, fikiria krayoglobulini. Iliganda kwa baridi, ikazama pamoja na chembe chini ya tyubu. Chukua damu upya kwenye tyubu iliyopashwa, iache igande na kuzungushwa ikiwa kwenye nyuzi 37, ndipo upime.

Sampuli inayoziba sindano ya mashine au inayotiririka kama uji ni onyo. Mgonjwa akiwa na ukungu wa macho, kutokwa damu puani, kichwa kuuma au kuchanganyikiwa, acha vipimo vya ziada na mpigie daktari sasa hivi. Huenda anahitaji kubadilishiwa plazma, na kuongezewa chembe nyekundu kabla ya hapo kunaweza kuzidisha mnato.

Benki ya damu nayo itakupigia. Chembe nyekundu zinazojipanga kwa safu huonekana kama zimegandana. Kuosha na kubadilisha seramu kwa maji ya chumvi huzitawanya. Ila kama mgonjwa yuko kwenye daratumumab au isatuximab, dawa hushika CD38, protini iliyo juu ya chembe za kupimia, na kila uniti ya damu itaonekana haimfai. Kemikali ya DTT huliondoa tatizo hilo, lakini huharibu pia antijeni za Kell, alama za kundi la damu la Kell, kwa hiyo mgonjwa hupewa damu isiyo na antijeni ya K ikiwa hali yake ya Kell haijulikani. Njia nyepesi ni benki ya damu kuarifiwa kabla ya dozi ya kwanza, ili kundi na antijeni zake ziandikwe wakati damu bado inasomeka.